Shubiri Moja kwenye Maji ya Matope

Jumapili, Machi 3

Leo nimejiingiza matatani kwa mdomo wangu mwenyewe, ndiyo maana nimefungua daftari hili. Ni moja ya yale niliyokuwa nikiandikia habari za basi: limechelewa, tairi limetoboka, mtoto wa fulani katapika kiti cha nyuma. Miaka ishirini na tisa niliendesha basi la shule la wilaya hii. Mwaka juzi nikastaafu, na daftari likabaki tupu.

Baada ya ibada kulikuwa na kikao cha Siku ya Kurudi Nyumbani. Kila Jumamosi ya mwisho ya Aprili, watu wa kanisa letu la New Gilboa waliohamia Memphis, Chicago na Detroit hurudi, tukala samaki pamoja kwenye uwanja wa nyuma. Wala si samaki yeyote tu. Ni krapi wa Ziwa Lusa, wale bapa wenye madoa meusi na nyama nyeupe tamu. Kwa miaka thelathini na moja aliyewavua ni kaka yangu Ozell, na kila mwaka husimamishwa akapigiwa makofi. Januari kaka alipata kiharusi. Mkono wa kulia hauna kazi tena, na maneno yanamtoka kwa shida.

Shemasi Harvell Suggs akasimama akasema mwaka huu tuagize kambare wa kufugwa, wanaokuja kwenye maboksi wameshakatwa na kugandishwa. Vichwa vikaitikia. Sijui ni nini kilichoninyanyua.

"Krapi watakuwepo," nikasema. "Nitawavua mimi."

Mtu akacheka upande wa kwaya.

"Dada Verlean," akasema Shemasi kwa ule upole wake wa msibani, "basi lina breki. Boti haina."

"Basi lina watoto sitini, Shemasi. Samaki hawarushiani viatu."

Hapo wakacheka upande wangu. Mchungaji Tolliver akakata shauri: kama nitakuwa na samaki mia mbili na hamsini kwenye friza ifikapo Jumamosi ya kabla ya Pasaka, vizuri. Nisipofikisha, ataagiza maboksi.

Machi 4

Nimekwenda kuomba boti. Kaka alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto kama mzigo wa mtu aliyeomba atunziwe.

"Hapana," akasema hata sijakaa. Neno hilo halimpi shida.

"Kaka, boti inaota majani uani."

"Hujui... ziwa."

"Basi nifundishe."

Akageukia dirisha. Miaka yote hii amekuwa akizamisha marundo ya matawi ziwani ili samaki wajifiche humo, na hakuna aliyewahi kuambiwa yako wapi. Watu wanaamini ubingwa wake wote umo ndani ya marundo hayo.

Wifi yangu Maydell akatoka jikoni akijifuta mikono, akanitilia funguo kiganjani. "Boti ni ya nyumba hii, na mimi ni wa nyumba hii," akasema. "Ichukue, wifi. Huyu akitaka kununa anao mchana kutwa."

Machi 6

Nimeshusha boti. Wanaume wanne walikuwa pale mteremkoni wakijifanya wanafungasha vitu vyao, kumbe wanangoja kumwona mwanamke akirudisha tela kinyumenyume majini. Nilirudisha mara moja tu, moja kwa moja, kama ninaegesha basi namba kumi na nne. Mmoja akanivulia kofia.

Samaki, hakuna. Lakini hilo la tela ndilo nililotaka liandikwe.

Machi 9

Wawili. Wadogo mno, nimewarudisha.

Machi 11

Mvua.

Machi 12

Mvua.

Machi 13

Mvua asubuhi, upepo mchana. Mmoja.

Machi 16

Jua, lakini maji ni baridi ya kuuma mifupa. Shemasi Suggs alinipita kwenye boti yake mpya yenye kioo kinachoonyesha samaki walioko chini, kama televisheni. Akapunguza mwendo.

"Unaona kitu huko, Dada?"

"Nakuona wewe."

Niliporudi nilikuwa na watano, na mikono imekufa ganzi. Watano watamshibisha nani? Mchungaji peke yake anakula sita.

Machi 20

Maydell alinipigia simu: njoo, mumewe amelainika. Nikamkuta kaka na karatasi magotini, amechora kwa mkono wa kushoto. Mistari inatetemeka, lakini kila kitu kipo: kisiki cha msipresi kilichopigwa radi, alama ya msalaba, na mshale unaoelekea mnara wa maji. Rundo moja.

"Moja tu," akasema.

"Asante, kaka."

"Unapoteza... wangapi?"

Nikakiri kwamba nusu ya wanaouma wananiponyoka.

"Usinyakue. Mdomo wake... karatasi. Nyanyua tu."

Mchana nimepata kumi na moja pale pale kwenye msalaba. Nilinyanyua tu.

Machi 28

Friza lina samaki sabini na mmoja. Jumapili iliyopita nilitembea kutoka mlangoni hadi kiti changu polepole kuliko inavyohitajika, ili watu wapate nafasi ya kuniuliza. Wakaniuliza.

Machi 30

Mvua kubwa. Maji yamefika daraja la pili la ngazi ya nyuma.

Machi 31

Mvua. Ibadani tulikuwa kumi na wanane.

Aprili 1

Mvua imekatika, lakini mto umeingia ziwani na udongo wote wa mashamba ya huko juu. Maji yamepanda kimo cha mtu, na rangi ni ya chai iliyozidishwa maziwa. Nilizamisha mkono pembeni ya boti. Kabla haujafika kiwiko, vidole vilikuwa vimeshapotea. Pale mteremkoni palikuwa na gari langu tu.

Aprili 2

Hakuna.

Aprili 3

Hakuna. Rundo la msalaba ni kama halijawahi kuwepo.

Aprili 4

Hakuna, na zaidi ya hapo ugomvi.

Nilikwenda kwa kaka kumwomba rundo la pili. Akatikisa kichwa. Nikasema basi la tatu, la kumi, lolote. Akatikisa tena.

"Marundo... hayatasaidia."

"Basi nini kitasaidia? Zimebaki wiki mbili. Mwaka ule mafuriko yalipobeba daraja la Turkey Creek, ulileta samaki. Nakumbuka, kwa sababu nililazimika kuzungusha basi maili kumi na moja. Uliwatoa wapi?"

Akageukia dirisha. Mara hii maneno hayakumkwama. Alikuwa nayo, akayazuia. Mimi nimekaa miaka ishirini na tisa nikiangalia nyuso kwenye kioo cha basi. Najua uso wa mtu aliyeficha kitu chini ya kiti.

"Unataka nishindwe," nikamwambia. "Unataka waseme hakuna kama Ozell."

Maydell akasema, "Wifi, taratibu." Nikachukua koti langu nikaondoka. Nikiwa barazani nilimsikia Maydell akimwambia mumewe kitu kwa sauti ya chini, kirefu.

Aprili 5

Nimefua. Sikutaka hata kuliona ziwa.

Aprili 6

Sijui nianzie wapi. Nianzie miguuni.

Asubuhi niliacha boti nyumbani nikaenda kutembea ukingoni, pale kijito cha Turkey Creek kinapoingia ziwani, kupunguza hasira tu. Kulikuwa na joto la kwanza la mwaka. Pale ambapo mwezi uliopita palikuwa na nyasi kavu na mierebi mifupi, sasa maji yamepanda na kuizamisha mierebi nusu. Maji yale hayafiki gotini, tena machafu hata ningeona aibu kufulia matambara. Nikasimama natazama, sifikirii kitu.

Shina moja likatikisika. Hapakuwa na upepo. Likatikisika tena, kama mtu anayegonga nguzo kwa bega, na duara dogo likatanuka juu ya maji.

Hapo ndipo Mama alipojitokeza mbele yangu. Simaanishi njozi. Namaanisha nilimkumbuka, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, si kama alivyokuwa kitandani mwisho wake bali akiwa na umri mdogo kuliko wangu wa leo: Ludie Gathright, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, sketi ndefu imekunjwa magotini, ufito wa mwanzi mkononi. Walikuwa wanawake saba au wanane, wamejipanga ukingoni siku za matope, wakati wanaume wameegesha boti zao wakilalamika. Mimi nilikuwa na miaka sita hivi, nimepewa kazi ya kukamata visamaki vya chambo kwenye kopo. Na Mama alikuwa ananionyesha kiboya chake, kilichofungwa karibu kabisa na ndoana.

"Maji meupe, samaki anakwenda chini, anaogopa macho ya watu," aliniambia. "Maji ya matope anapanda juu, kwa sababu anajua humwoni. Na yeye pia haoni. Basi usimtegee chambo akifuate. Mpelekee mdomoni."

Nilirudi nyumbani mbio, mimi na magoti yangu. Nikafunga kiboya shubiri moja juu ya ndoana, shubiri ya mkono wangu, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Nikachukua ndoana ya manyoya meusi na kuichomekea kisamaki hai ili itoe harufu. Nikavaa suruali ya mpira ya mume wangu marehemu, ile inayofika kifuani, nikaingia majini kwa miguu.

Nilishusha chambo kando ya lile shina, upande wa jua, karibu hata uzi ukagusa gome. Nikahesabu kimoyomoyo. Kumi na sita, kumi na saba. Kiboya hakikuzama, kilikwenda pembeni tu, kwa adabu. Nikanyanyua.

Alikuwa dume, mweusi kama lami kuanzia kichwani hadi tumboni, kwa sababu msimu wa kutaga madume hugeuka weusi na kulinda viota. Mzito. Nikamshika kwa mikono miwili nikacheka peke yangu kama mwehu. Shina la pili, jike lenye tumbo la mayai. Nikamwachia aende zake akatage. Shina la tatu, dume. Nilikwenda kichaka kwa kichaka, natelezesha miguu polepole nisitibue. Kumi na watano, ndicho kiasi ambacho mtu mmoja anaruhusiwa kwa siku. Haikuchukua saa mbili.

Ziwa zima lilikuwa tupu. Hapakuwa na boti wala kioo cha kuonea samaki. Nilisimama kwenye matope yale nikajiona mrefu.

Aprili 7

Jumapili. Shemasi alisema, "Nasikia ziwa limekufa, Dada. Pole." Nikamshukuru.

Aprili 8

Kumi na watano tena. Nikawapeleka kwa kaka bila kuwaosha, nikafungua sanduku la barafu mbele ya kiti chake. Aliwatazama. Akachukua mmoja kwa mkono wa kushoto, akafuta tope kwa kidole gumba.

"Wapi?"

"Kwenye mierebi ya Turkey Creek. Maji hayafiki gotini."

"Kiboya?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Shubiri.

Akafumba macho. "Mama," akasema.

"Ulijua?"

"Kila mwaka... wa matope."

"Na marundo?"

"Ya maji... meupe."

Nikamuuliza, katika miaka thelathini na moja, mingapi ilikuwa ya matope. Aliinua mkono, vidole vitano, akavikunja, akavifungua tena, tena, na tena. Ishirini. Ishirini, katika thelathini na moja.

Nilikaa kwenye kochi na suruali yangu ya mpira, nikamchafulia Maydell kochi lake. "Kaka," nikasema, "miaka ile tisa ya kwanza Mama alikuwa hai. Alikaa benchi la tatu. Ukasimamishwa, ukapigiwa makofi, na yeye akakupigia makofi. Mbinu ni yake, na alikupigia makofi."

Jasho lilimtoka akitafuta neno. Maydell akataka kumsaidia, nikamzuia. Nilitaka alitafute mwenyewe.

"Haya," akasema hatimaye. "Niliona haya. Ndoo. Sketi. Wangesema... navua kama wanawake."

"Ulivua kama wanawake."

"Ndiyo."

Nikafunga sanduku nikaondoka.

Aprili 9

Kumi na watano. Sikwenda kwa kaka.

Aprili 10

Tisa. Maydell alipita na mkate wa mahindi. Akaniambia siku ile ya ugomvi alimwambia mumewe kwamba nikishindwa kwa sababu yake, atamkaangia kambare wa boksi maisha yake yote yaliyobaki. Nikacheka. Sikwenda.

Aprili 11

Nimepiga hesabu mara tatu na jibu ni lile lile. Kwa kumi na watano kwa siku, mimi peke yangu, sifiki. Zinahitajika leseni mbili na watu wawili, na sheria inataka kila mtu avue wake kwa mkono wake.

Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwake.

"Sijakusamehe," nikamwambia. "Vaa koti."

Alinyoosha mkono wa kushoto kuchukua koti. Alikuwa ameshavaa viatu. Maydell anasema amekuwa akivivaa kila asubuhi tangu Jumatatu.

Tulimpandisha kwenye boti kama tunavyopandisha friji ghorofani, Maydell anasukuma, mimi navuta, yeye anatukana kwa maneno ambayo kiharusi hakikuyagusa. Nikaiingiza boti kwenye mierebi, nikaifunga kwenye tawi. Alipachika kitako cha ufito chini ya kwapa la kulia, mkono usio na kazi ukaubana, na kushoto akaongoza. Samaki wa kwanza akamponyoka. Wa pili pia. Wa tatu.

"Usinyakue," nikamwambia. "Mdomo wake karatasi."

Alinitazama vibaya sana. Kisha bega lake likaanza kutikisika, na nikaona ni kicheko, cha kwanza tangu Januari.

Mimi kumi na watano, yeye wanne.

Aprili 12

Yeye saba. Anamchomoa samaki ndoana kwa kumbana katikati ya magoti. Suruali zake zote zinanuka. Maydell anazifulia uani.

Aprili 13

Yeye kumi na mmoja. Njiani kurudi aliniambia habari moja ya Mama niliyokuwa siijui. Ilimchukua kutoka ziwani hadi makutano ya barabara kuu kuimaliza: kwamba siku yake ya kwanza ya kuvua kwa ajili ya kanisa alitoka mikono mitupu, akamkuta Mama ukingoni na ndoo imejaa. Mama akammiminia ndoo yote kwenye boti, akasema, "Sema ni zako. Mimi sina haja ya makofi."

"Na ukasema ni zako."

"Nikasema."

Nilipanga kubaki na hasira mpaka Pasaka. Sasa naona sitafika.

Aprili 15

Upepo wa kaskazini. Baridi imerudi. Watatu tu, wangu na wake pamoja.

Aprili 16

Sita. Kaka anatetemeka kwenye koti lakini hataki kurudi.

Aprili 17

Jua limetoka. Ishirini na mmoja.

Aprili 18

Kaka alikuwa na miadi ya daktari mjini, mimi nikawapeleka, kwa hiyo hatukuvua. Daktari alimuuliza mkono wa kushoto umepata wapi nguvu hizo. Maydell anasema alijibu "shughuli".

Aprili 19, Ijumaa Kuu

Leo nitaandika mpaka kalamu iishe.

Samaki waliokuwa wamepungua ni thelathini kasoro wachache. Kufika saa nne nilikuwa nimemaliza kumi na watano wangu, nikaweka ufito chini. Kaka alikuwa na kumi na wanne. Tunawaweka wote kwenye sanduku moja la barafu, na hilo lilikuwa kosa langu.

Boti ya afisa wa uvuvi ikaingia taratibu kati ya mierebi. Kijana wa Kizungu, mpole, nywele amezikata karibu na ngozi. Akatusalimu, akaomba leseni, akafungua sanduku, akahesabu.

"Ishirini na tisa, mama. Kwa watu wawili mko sawa." Hakufunga kifuniko. "Lakini nimepigiwa simu. Mtu anasema kuna mwanamke anavua kwa leseni ya mgonjwa. Kila mtu lazima avue wake." Macho yake yakashuka kwenye mkono wa kaka, uliolala kwenye paja kama glavu. "Mzee wangu, ni wangapi hapa uliowavua wewe?"

Kaka akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, na mshipa wa shingo ukamsimama. Maneno yakifukuzwa hukimbia. Nimeliona hilo tangu Januari. Yule kijana akangoja kwa heshima, na heshima ile ilikuwa mbaya kuliko dharau, kwa sababu nilimwona tayari anafikiria jinsi ya kutuandikia kosa bila kutuumiza.

"Amevua kumi na wanne," nikaanza. "Kaka yangu—"

Kaka akainua mkono wa kushoto. Nyamaza.

Akachukua ufito. Akaubana kwapani. Akachomekea kisamaki kwenye ndoana kwa vidole vya mkono mmoja, na kilipoanguka akachukua kingine, bila haraka. Akainua ncha ya ufito juu ya kichaka ambacho tulikuwa hatujakigusa, akashusha chambo kando ya shina, upande wa jua. Kiboya kikasimama.

Tukangoja. Yule afisa alikuwa ameshika tawi ili boti yake isielee. Nilihesabu hadi ishirini, hadi arobaini. Samaki mmoja tu, nikasema moyoni, sikuombi wawili. Kaka hakutazama kiboya. Alinitazama mimi, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, uso ule wa zamani, wa kabla ya Januari.

Kiboya kikasogea pembeni.

Hakunyakua. Alinyanyua, taratibu, bega zima likifanya kazi ya mkono, na dume mweusi akatoka kwenye matope akimeta, mkubwa kuliko wote wa msimu huu. Kaka akamleta kifuani, akamshusha, akambana kwa magoti, akachomoa ndoana. Akamnyooshea yule kijana.

"Kumi," akasema. "Na tano."

Afisa alimpima samaki kwenye rula yake, ingawa hapakuwa na haja. "Naona, mzee wangu," akasema. Akamweka kwenye sanduku yeye mwenyewe na kufunga kifuniko. Kisha, akiwa ameshageuza boti, akauliza kwa sauti ya mtu wa kawaida, si ya kazi: "Hapa mnavua kina gani? Wiki hii sijaona mtu mwingine mwenye samaki."

Kaka akanionyesha kwa kidevu.

"Muulize... bosi."

Nilipoondosha boti pale mierebini nilisahau kwamba bado imefungwa kwenye tawi. Tulivutwa kinyume, kofia ikamtoka, na kaka akacheka mpaka machozi yakamchuruzika. Mimi pia nililia, kwa sababu nyingine.

Friza lina mia mbili hamsini na wawili.

Aprili 20

Mchungaji alikuja, akachungulia, akakataa kuhesabu. "Nimekaa na ninyi miaka kumi na sita," akasema, "sihesabu friza la Gathright."

Jioni mapema Shemasi Suggs akasimama mlangoni na mfuko. Tope limemfika magotini.

"Si mimi niliyepiga simu," akasema. Sikuwa nimemuuliza.

"Sawa, Shemasi."

"Nilikuona wiki iliyopita umeingia majini kwa miguu. Kile kioo nimekiacha nyumbani." Akafungua mfuko. Tisa. "Nimeshinda tangu alfajiri. Nikasema niwaongezee."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu Machi, mengine nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Nikamtazama mtu mzima yule na soksi zake zinazochuruzika kwenye zulia langu, nikayasahau yote. Nikampa kahawa. Akaniuliza kina. Nikamwonyesha.

Aprili 27

Watu zaidi ya mia mbili. Magari ya Illinois na Michigan yamepangwa hadi makaburini. Masufuria matatu ya mafuta, Maydell kwenye unga wa mahindi na pilipili, Shemasi kwenye moto, mimi kwenye kutoa. Tambi, kabichi, mkate mweupe. Wazungu wawili wa kituo cha mafuta walikuja wakala na kurudi tena.

Kama kila mwaka, Mchungaji akapiga glasi kwa kijiko akasema Ndugu Ozell asimame. Akasimama, Maydell upande mmoja, mimi upande mwingine. Makofi yakaanza. Akayazuia kwa mkono wa kushoto, na ikabidi watu wangoje, watu mia mbili na mafuta yanayochemka, maana alikuwa ameamua kusema.

"Samaki hawa," akasema. "Dada yangu... kawavua. Mbinu... si yangu. Haijawahi... kuwa yangu. Ni ya Mama. Ludie Gathright. Na wale... wenzake. Wa ukingoni. Miaka yote... nilinyamaza."

Shemasi akaacha kuchochea moto. Binti mmoja wa Detroit, mjukuu wa mmoja wa wale wanawake, akaziba mdomo. Nilimshika kaka kiuno, na nilijivuna naye kuliko siku zote thelathini na moja za makofi.

Ndipo sauti nyembamba ikatoka meza ya wazee. Ilikuwa ya Mama Arzula Pettis, miaka tisini na minne, kwenye kiti cha magurudumu, wa mwisho aliye hai katika wanawake wale.

"Tulijua, Ozell," akasema huku anatafuna. "Wewe ulidhani mierebi inakuficha? Tulikuwa tunakuona kila mwaka kutoka ukingoni, na kofia yako nyekundu. Ludie alikuwa anatukataza kucheka, akisema kicheko kitawafukuza samaki wako."

Uwanja mzima ukapasuka. Kaka aliketi chini kwa kicheko, akajifunika uso kwa mkono mzuri. Mama Arzula hakucheka. Alinisukumia sahani yake.

"Verlean," akasema, "nipe mwingine. Mwenye mkia uliokauka."

Nikampa wawili.